Dunia Iliyoimbwa: Namna ya Kusoma Kisasili cha Kubuni

Mwaka 1948 J.R.R. Tolkien alimwazima rafiki yake Katharine Farrer, mwandishi wa riwaya za upelelezi, miswada miwili ya hadithi moja. Yote miwili ilieleza jinsi ulimwengu wake wa kubuni ulivyoumbwa. Katika mmoja dunia ilikuwa bapa, na jua lilizaliwa baadaye sana. Katika wa pili dunia ilikuwa mviringo na jua lilikuwapo tangu awali, kama elimu ya falaki inavyotaka. Farrer aliisoma, akajibu kwamba yeye anaupenda zaidi ule wa dunia bapa.

Jibu hilo halikumtuliza mtunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Tolkien alikuwa bado akijaza karatasi kwa swali lilelile: hadithi hii ya jua na miti, watu wa ulimwengu wangu waiamini kama ilivyo, au ni masimulizi yaliyopotoka njiani? Mwanawe, Christopher, alizichapisha karatasi hizo mwaka 1993 katika kitabu Morgoth's Ring, na ukizisoma unamwona mzee anayekwangua msingi wa nyumba aliyokwisha kuijenga. Ikiwa mwenye nyumba alitaabika hivyo, si ajabu wageni nao wabishane. Mmoja anasema wimbo ulioanzisha dunia uliimbwa kweli. Mwingine anasema hilo ni fumbo tu, wacha utoto. Wote wawili huwa wameruka hatua kadhaa.

Nitatumia hadithi hiyohiyo, Ainulindalë, inayofungua The Silmarillion, kitabu kilichotoka mwaka 1977, miaka minne baada ya Tolkien kufariki. Wengi wanaomjua kupitia filamu za The Lord of the Rings hawajaifikia, kwa hiyo niieleze.

Kabla ya vyote yupo Eru, Mmoja, aitwaye pia Ilúvatar. Anawaumba kwanza Ainur, roho zilizotoka katika fikra zake, kisha anawapa mahadhi makuu wayapambe, kila mmoja kwa kipawa chake. Wanaimba. Melkor, aliyejaliwa vipawa kuliko wenzake wote, anaanza kuingiza sauti zake mwenyewe, na wimbo unavurugika. Ilúvatar anainuka mara tatu: kwanza akitabasamu, pili uso ukiwa mkali, tatu uso usioweza kutazamwa, na kwa mpigo mmoja wa mwisho muziki unakoma. Baada ya hapo anawaonyesha kwa njozi kile walichokuwa wakikiimba, ulimwengu na historia yake. Kisha njozi inaondolewa. Ndipo anapoamuru vitu viwepo, na vinakuwapo. Baadhi ya Ainur wanashuka kuingia ndani yake, wakidhani watakuta yale waliyoyaona, na wanakuta hakuna kilichotengenezwa. Kila walichokiimba kinangoja kifanyiwe kazi.

Umeona? Nusu ya ubishi umekwisha kabla haujaanza. Watu husema Ainur waliiimba dunia ikatokea, lakini kitabu hakisemi hivyo. Wimbo ulitangulia, njozi ikafuata, amri ya Ilúvatar ndiyo iliyovipa vitu kuwapo, na umbo likapatikana kwa kazi ya enzi nyingi. Basi kabla ya kuuliza kama jambo ni la dhahiri au la fumbo, hakikisha unajua ni jambo gani lililosemwa. Soma sura nzima tena, taratibu, ukiwa na kalamu. Linasikika kuwa agizo la mwalimu wa darasa la tano, na ndilo linalorukwa kuliko yote.

Maswali mawili yaliyovaa kanzu moja

Mtu akikuuliza, "Je, hadithi hii ni ya kweli au ni ishara?" usijibu upesi. Ameuliza maswali mawili. La kwanza: ndani ya ulimwengu wa kitabu, jambo hili lilitokea? La pili: kwetu sisi tunaosoma, jambo hili lina maana gani? Jibu la moja halilifungi jingine. Melkor aliuvuruga wimbo: ndani ya kitabu ni tukio, lina wakati wake na matokeo yake. Kwetu linaweza kutufikirisha juu ya kiburi, juu ya msanii asiyetaka kuimba pamoja na wenzake, au juu ya maovu na chanzo chake. Hakuna kinachotulazimisha kulifuta tukio ili tupate fikra.

Neno la kuogopa hapa ni "tu". Ishara tu. Fumbo tu. Anayelitumia kwa kawaida amehama kutoka swali la pili hadi la kwanza bila kuaga. Mrudishe kwa upole: ishara ya nini, na kwa nani? Kwa Frodo, mhusika wa The Lord of the Rings, au kwako?

Fuata isnadi

Sasa lishike swali la kwanza peke yake. Chombo chake bora ni kile ambacho jamii zetu zinakijua siku nyingi: isnadi. Habari hii imepokewa kutoka kwa nani, naye kwa nani, na wa mwisho kule juu alikuwapo?

Katika Ainulindalë mnyororo ni huu. Ainur wenyewe walikuwapo. Wale walioingia ulimwenguni, waitwao Valar, waliishi na Elf katika Valinor, nchi yao Valar, na kuwasimulia. Rúmil, mwanachuoni wa mji wa Tirion, akaandika. Katika matoleo ya baadaye Pengolodh, mwanachuoni mwingine wa Elf, akaipokea na kumsimulia baharia Mwingereza, Ælfwine. Katika toleo la awali kabisa, ambalo Tolkien aliliandika mara baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia alipokuwa akifanya kazi katika kamusi kubwa ya Oxford, Rúmil mwenyewe ndiye anayemsimulia baharia aitwaye Eriol.

Mnyororo huu unatuambia mambo mawili, na ni muhimu kuyashika yote mawili. Kwanza, ni mfupi na juu yake wapo mashahidi. Haya si makisio ya watu walioitazama milima wakajiuliza imetoka wapi. Pili, mashahidi hao walikuwa wakiwaeleza viumbe wenye miili mambo yaliyotokea kabla ya kuwapo mwili. Ilibidi watumie maneno ambayo wasikilizaji wao wangeweza kuyabeba. Kwa hiyo tunaweza kuuamini mwili wa habari na bado tukakubali kwamba mavazi yake yalichaguliwa kwa ajili ya msikilizaji.

Mwenye toleo la 1977 peke yake mkononi atasema haoni isnadi yoyote. Ni kweli, haipo. Christopher Tolkien alipokitengeneza kitabu alikiacha bila msimulizi wa ndani, na mwaka 1983, katika dibaji ya The Book of Lost Tales, alikiri kwamba sasa aliona lilikuwa kosa. Matokeo yake msomaji hudhani anamsikia mtunzi mwenyewe akitangaza kutoka juu ya mlima. Ukijua kwamba ndani ya hadithi kuna anayesema na anayesikiliza, sauti ya kitabu inabadilika.

Linganisha na The Magician's Nephew ya C.S. Lewis, rafiki wa Tolkien, iliyotoka mwaka 1955. Humo pia ulimwengu unaanza kwa wimbo: simba Aslan anaimba na Narnia inachipuka. Lakini hapa hakuna mnyororo wowote. Digory na Polly, watoto wawili kutoka London, wamesimama palepale wakitazama, pamoja na mwendesha gari la farasi na farasi wake. Hadithi yenye mashahidi wa namna hiyo haikuachii nafasi ya kusema ni mapokeo yaliyopambwa. Lewis anaongeza na kielelezo: kipande cha chuma kilichong'olewa kwenye nguzo ya taa ya London, kinapotupwa katika udongo ule mpya, kinaota na kuwa nguzo nzima ya taa, ileile ambayo wasomaji walikwisha kuikuta msituni katika kitabu kilichotangulia cha mwaka 1950. Na ili usidhani kuona kwa macho kunatosha, kuna Mjomba Andrew. Yeye alikuwapo, alisikia kila kitu, na kwa kuwa hakutaka kuamini kwamba simba anaweza kuimba, akajizoeza kusikia ngurumo tu hadi hakuweza kusikia kingine. Lewis alikuwa na ukatili wake mdogo kwa wasomaji wajanja.

Upande wa pili kabisa kuna michezo ya kompyuta ya The Elder Scrolls. Humo habari ya uumbaji inasimuliwa na mataifa mbalimbali, na yanagombana. Kwa Elf wengi, Lorkhan aliwalaghai mababu zao akawanyang'anya umilele. Kwa wanadamu, aliwapa zawadi ya kuwapo. Isnadi zinapopingana hivyo, usitafute iliyo sahihi haraka. Jiulize kila taifa lapata faida gani kwa kusimulia hivi. Hata hivyo usikimbilie kusema basi yote ni siasa. Katika Morrowind, mchezo wa mwaka 2002, unafika chini ya mlima wa volkano na kuukuta moyo wa Lorkhan, unaupiga kwa nyundo na kwa silaha yenye makali. Wanaogombana juu ya maana yake wanagombana juu ya kitu kilichopo.

Mwandishi alipoweka "kama"

Mbinu ya tatu ni ndogo na inachukua dakika chache: zungushia duara kila neno la kufananisha. Kitabu kinapoeleza sauti za Ainur kinasema zilikuwa mfano wa vinubi, zumari, tarumbeta na makundi ya waimbaji. Mfano wa. Tolkien, profesa wa lugha aliyeyapima maneno mojamoja, hakuliweka hilo kwa bahati mbaya. Ainur hawakuwa na makoo. Hapakuwa na hewa ya kutetemeshwa. Tashbihi ile ni alama ya mwandishi kwamba hapa lugha imefika mpakani mwake.

Sasa tazama mahali ambapo tashbihi haipo. Amri ya Ilúvatar haifananishwi na kitu. Uasi wa Melkor hausemwi kuwa ni mfano wa uasi. Moto usiozimika, ule unaotumwa katikati ya ulimwengu ili uwepo, umesemwa moja kwa moja. Kwa kuhesabu tu mahali ilipo "kama" na mahali isipokuwapo, unapata ramani ya kitabu chenyewe: hapa nichukue kama nilivyoandikwa, hapa nimepapasa.

Hukumu yangu baada ya kuipitia ramani hiyo ni kwamba muziki wa Ainur ulitokea. Kulikuwa na nafsi nyingi, zilipewa jambo moja la kulifanya kwa pamoja, zikalifanya kwa mfuatano na kupatana, na moja ikaharibu. Jina la karibu zaidi alilolipata msimulizi kwa jambo hilo ni muziki. Kama ungekuwapo ungesikia nini, sijui, na sidhani kitabu kinataka tujue.

Ng'oa nguzo, uone kinachoanguka

Hii ndiyo mbinu ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu inamwondoa msomaji kwenye maoni na kumpeleka kwenye ushahidi. Chukua jambo linalobishaniwa, liondoe kichwani, kisha pitia sehemu zilizobaki za kitabu ukitazama kilichoporomoka.

Tuijaribu Miti Miwili ya Valinor. Kabla ya jua na mwezi, miti hiyo ndiyo iliyotoa mwanga, mmoja wa fedha na mmoja wa dhahabu. Ni rahisi kusema: ah, miti inayong'aa, bila shaka ni ishara ya usafi wa zamani. Haya, tuiondoe. Fëanor, fundi wa Elf, aliukamata mwanga wa miti hiyo ndani ya johari tatu, Silmaril. Sasa hana cha kukamata. Melkor aliiua miti hiyo akisaidiwa na Ungoliant, buibui wa kutisha aliyekunywa utomvu wake. Sasa hana alichokunywa. Johari moja iliishia kwenye paji la Eärendil, baharia anayepita angani, naye huonekana kutoka chini kama nyota. Nyota hiyo imezimika. Galadriel, bibi wa Elf, aliutega mwanga wa nyota ileile ndani ya maji ya chemchemi yake, akautia katika kichupa cha kioo, akampa Frodo. Frodo sasa ameingia katika pango la Shelob, gizani, mkono mtupu.

Na Shelob ni uzao wa Ungoliant. Mwana wa aliyeunywa mwanga anasimama mbele ya tone la mwanga huohuo, na anarudi nyuma. Maelfu ya miaka ya hadithi, kurasa mamia, vitabu viwili tofauti, vimeshikana kwa uzi mmoja wa mwanga halisi. Sam, mwenzake Frodo, anaung'amua karibu na mwisho wa safari, wanapopumzika kwenye ngazi za Cirith Ungol: anakumbuka kwamba kile alichonacho Frodo kina sehemu ya mwanga wa Silmaril, na kwamba bado wamo katika hadithi ileile ya kale. Anayesema miti ile ni ishara tu amwambie Sam alishika nini mkononi baadaye, alipobaki peke yake na yule buibui.

Jaribu sasa upande wa pili. Ondoa sauti katika muziki wa Ainur. Uufanye upatano wa nia bila mlio wowote. Kinaanguka nini? Kidogo sana. Kuna mahali pamoja ambapo pangetikisika: panaposemwa kwamba mwangwi wa muziki ule unabaki katika maji kuliko katika kitu kingine chochote, na kwamba ndiyo sababu viumbe wengi huisikiliza bahari wasichoke, wala hawajui wanasikiliza nini. Aliyekulia Lamu au Bagamoyo huenda asitake kuliachia hilo, nami nisingemlazimisha.

Na ukiondoa uvurugaji wa Melkor? Hapo nyumba nzima inalala chini, na jambo la kwanza kuanguka ni theluji. Ulmo, aliyeyawaza maji, anaonyeshwa na Ilúvatar kwamba baridi kali aliyoibuni Melkor haikuyaharibu maji bali imeyapa umbo ambalo Ulmo hakulifikiria, na kwamba joto lake lisilo na kiasi limeleta mawingu na mvua. Huwezi kuufanya uasi kuwa ndoto na bado ukabaki na barafu.

Fumbo linaanza wapi, basi

Hadi hapa nimeonekana kama wakili wa maana ya dhahiri. Sivyo. Ninachosema ni mpangilio: dhahiri kwanza, kwa sababu fumbo lenye nguvu huota juu yake.

Mfano bora katika The Silmarillion ni Aulë, mmoja wa Valar, fundi. Kwa kukosa subira ya kuwangoja watoto wa Ilúvatar, anawatengeneza kwa siri mababa saba wa Vibeti. Ilúvatar anamkuta na kumwambia kwamba hana uwezo wa kuwapa uhai wao wenyewe: watasogea tu pale yeye atakapowaza wasogee. Aulë anakubali kosa, anainua nyundo awavunje. Vibeti wanajikunyata na kuomba rehema. Hapo ndipo Ilúvatar anapomwonyesha kwamba wamekwisha kupewa uhai wao wenyewe, kwani kinyago hakiwezi kuiogopa nyundo.

Msomaji yeyote anaona kwamba hapa kuna neno kwa kila mzazi, kila msanii, kila mwalimu: tofauti kati ya kutengeneza ili umiliki na kutengeneza ili uachie. Melkor aliutafuta Moto usiozimika utupuni ili awe na vyake peke yake, hakuupata. Aulë hakuutafuta, alikuwa tayari kuvunja alichokipenda, akapewa. Lakini tazama fumbo hilo limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya kanuni ya dhahiri kabisa ya ulimwengu ule, kwamba uhai unatoka kwa Ilúvatar peke yake. Iondoe kanuni, useme ni namna ya kusema tu, na Aulë anabaki fundi aliyepiga kelele katika karakana.

Kwa hiyo ukipata fumbo, lipime hivi. Je, linaeleza mambo madogo ya hadithi au linayaruka? Je, linarudi mahali pengine? Muziki kama nguvu unarudi: Yavanna anaiimba miti hadi inachipua, Finrod anashindana na Sauron kwa nyimbo, Lúthien anaimba mbele ya kiti cha Melkor. Mtindo unaojirudia hivyo haukuwa wa ajali. Na je, tarehe zinaruhusu? Anayekuambia Melkor ni Hitler aambiwe kwamba Melkor alikwisha kuuvuruga wimbo kufikia mwaka 1920, wakati Hitler hajulikani nje ya mitaa ya Munich.

Tolkien mwenyewe alikuwa mkali juu ya jambo hili. Katika dibaji ya toleo la pili la The Lord of the Rings, katikati ya miaka ya 1960, alisema wazi kwamba haipendi istiara, ile hadithi ambayo kila kitu ndani yake kimefungwa kwa kitu kimoja nje yake. Alichokipenda ni historia, ya kweli au ya kubuni, ambayo msomaji anaweza kuitumia katika maisha yake mwenyewe. Tofauti aliyoiona ni ya madaraka: kwenye istiara mtunzi anakushika mkono, kwenye ile nyingine unatembea mwenyewe.

Nisingependa mtu atoke hapa akidhani istiara ni sanaa duni. Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, inatuweka katika nchi inayoelea angani, na hakuna mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kupoteza usingizi akijiuliza inashikiliwa na nini. Mshitakiwa anaitwa Karama, mwenye mashitaka ni Majivuno. Mwandishi amekuonyesha tangu mlangoni kwamba uingie kwa mlango wa fumbo, na wasomaji wengi wameiona humo sura ya utawala wa kikoloni. Ukiisoma Kusadikika kwa kanuni za Ainulindalë utaambulia jiografia ya ajabu. Ukiisoma Ainulindalë kwa kanuni za Kusadikika utakuwa unatafuta Majivuno ni nani wakati mwandishi hajakupa jina la namna hiyo. Tazama majina mapema. Yanapokuwa tabia, fumbo liko mbele. Yanapokuwa na sarufi na nasaba, jiandae kwa historia.

Bapa kisha mviringo

Turudi kwenye taabu ya Tolkien, maana ina funzo la kazi. Alitaka hadithi yake isichekwe na mtu anayejua falaki. Lakini alipoliweka jua tangu mwanzo, zama ndefu za nyota zilikosa giza lake. Elf hawakuweza tena kuamka chini ya anga lisilo na jua. Miti Miwili ikapoteza kazi yake. Njia aliyoiwaza ni kuichafua isnadi: ikiwa hadithi ya jua lililotokana na tunda la mwisho la mti wa dhahabu ni ya wanadamu, imepokewa kupitia Númenor, kisiwa cha wanadamu, na kuchanganyika huko, basi inaweza kuwa na makosa huku Elf wakijua ukweli. Ni njia ya kijanja, lakini bei yake ni kubwa. Ukishasema mapokeo yamepotoka hapa, nani atakuzuia kusema yamepotoka kule pangoni kwa Shelob? Hakuikamilisha kazi hiyo, na Christopher mwaka 1977 akatoa hadithi yenye miti.

Nadhani Farrer alichagua vema. Tena kitabu kilichochapishwa kina jibu lake ambalo wengi hulipita: dunia ilikuwa bapa, na Númenor ilipozamishwa baharini dunia ikapindwa kuwa mviringo, na njia iliyonyooka ya kwenda Magharibi ikabaki kwa Elf peke yao. Yote mawili ni ya dhahiri, moja baada ya jingine. Ulimwengu wa kubuni una haki ya kuwa na kanuni zake, na msomaji asiwe na haraka ya kuuokoa kwa neno "ishara" kila sayansi ya kwetu inapobisha hodi.

Kwa msomaji mwenye dini

Wapo wanaosita kuisoma hadithi ya namna hii kwa maana ya dhahiri kwa sababu wana kitabu chao cha uumbaji nyumbani, nao hawataki kuweka kingine kando yake. Wasiwasi huo ni wa heshima. Tolkien, Mkatoliki wa dhati, alikuwa nao pia. Katika mhadhara alioutoa St Andrews mwaka 1939 alieleza kwamba mwanadamu hutunga ulimwengu wa pili kwa kuwa yeye mwenyewe ameumbwa na Muumba, na kwamba imani tunayoipa hadithi tukiwa ndani yake ni ya daraja la pili. Unapoingia unaiamini, unapotoka unaiacha pale. Kuichukua Ainulindalë kama tukio maana yake ni kukubali kanuni za hadithi, wala hukuongeza nguzo katika imani yako.

Jihadhari tu na ulinganishaji wa haraka: Ainur ni malaika, Melkor ni Ibilisi, imekwisha. Kufanana kupo. Clyde Kilby, msomi Mmarekani aliyemsaidia Tolkien kiangazi cha 1966, aliandika kwamba mtunzi alimwambia Moto wa Siri, yaani ule Moto usiozimika, ni Roho Mtakatifu. Neno zito hilo, lakini liweke mahali pake: linajibu swali la pili, kuhusu sisi na mtunzi. Gandalf, mchawi wa The Lord of the Rings, anapojitaja kwenye daraja la Khazad-dûm kuwa mtumishi wa Moto wa Siri, hatoi katekisimu. Anataja kitu ambacho katika ulimwengu wake ndicho kilichovipa vitu vyote kuwapo, na Balrog, yule pepo wa moto anayemkabili, anajua hasa kinachotajwa.

Utafika pia mahali ambapo hakuna mbinu inayofanya kazi. Ungoliant ametoka wapi? Kitabu kinasema Elf hawakujua. Wengine walidhani alishuka kutoka giza linaloizunguka dunia. Tom Bombadil wa The Lord of the Rings ni nani? Mwaka 1954 Tolkien alimwandikia mwandishi mwenzake Naomi Mitchison kwamba hata enzi za visasili lazima ziwe na mambo yasiyofumbuliwa, na kwamba Bombadil ni mojawapo, kwa makusudi. Mahali kama hapo usilazimishe dhahiri wala fumbo. Andika pembeni kwa penseli "haijulikani," na usome ukurasa unaofuata.